Kifini chamjua mjomba, sheria yake haimjui

Kijana wa Jilore anayeanza kujifunza Kifini hukutana na somo lile lile wanalokutana nalo wanafunzi wa lugha yoyote ngeni: mama, baba, kaka, dada. Ni somo la juma la kwanza, na kwa kawaida hupita upesi, kwa kuwa hakuna asiyejua maana ya mama. Lakini hilo ndilo somo linalomrudia miaka kadhaa baadaye, akiwa ameketi mbele ya afisa mwenye fomu, pale anapotakiwa kueleza ni nani hasa huyo anayemwita baba, na kwa nini hati zasema vingine.

Jilore ni wadi ya eneo bunge la Malindi, magharibi mwa mji wa Malindi, kati ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakazi wake wengi ni Wagiriama. Kwa zaidi ya karne moja, wageni ndio waliokuwa wakifika katika sehemu hizo na daftari mkononi ili wajifunze maneno ya wenyeji. Wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walikuwa na kituo Jilore tangu miaka ya 1890, na mwenzao William Ernest Taylor, bingwa wa Kiswahili cha Mombasa, alikwisha kuchapisha msamiati wa Kigiriama mjini London mwaka 1891. Hata Wafini wenyewe walitutangulia. Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, hazina kubwa ya matini za Kiswahili kwenye kompyuta ilikusanywa huko, na chuo hicho kina kituo cha utafiti katika milima ya Taita, mkoani Pwani kama tulivyozoea kuuita.

Sasa daftari limehamia upande wa pili. Nchi ya Ufini, au Finland kama wengi wanavyoitaja, haikuwatoza karo wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya hadi mwaka 2017, na hata baada ya karo kuanza vijana wa Kenya wameendelea kwenda huko kusomea uuguzi, biashara na uhandisi. Wapo waliofuata kazi, wapo waliooa au kuolewa, na wapo maelfu ya Wakongo wa mashariki, wasemaji wa Kiswahili, waliopokelewa kama wakimbizi. Wote hao hufika mahali ambapo lazima waitaje jamaa yao kwa Kifini, kwa mdomo na kwa maandishi.

Habari njema ni kwamba kwa mtu wa pwani maneno hayo si mageni kama yanavyosikika. Pengine yamkaribia kuliko ya Kiingereza alichofundishwa tangu darasa la kwanza.

MJOMBA NI MMOJA TU

Tuanze na mama na baba. Mama ni "äiti", baba ni "isä". Ile herufi yenye nukta mbili juu yake hutamkwa kati ya a na e, mdomo ukiwa umeachama. Kaka ni "veli", dada ni "sisko" au, kwa lugha ya kiofisi zaidi, "sisar". Kifini hukaza silabi ya kwanza ya kila neno, ilhali Kiswahili hukaza ya pili kutoka mwisho. Kwa bahati maneno mengi ya ukoo wa Kifini yana silabi mbili tu, hivyo mkazo huangukia pale pale alipouzoea Mswahili.

Utamu waja kwa ndugu za wazazi. Kaka wa baba ni "setä". Kaka wa mama ni "eno". Hayo ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, na Mfini hayachanganyi. Kwa Kiingereza wote wawili wametiwa kapu moja. Kwa Kiitaliano, ambacho vijana wengi wa Malindi hukipata hotelini na ufukweni bila kuingia darasani, wote wawili ni "zio". Waitaliano wameenda mbali zaidi: kwao "nipote" ni mjukuu, na ndiye huyo huyo mpwa. Mgiriama aliyezoea kumtenga mjukuu wake, ambaye ni mwenzake wa utani, na mpwa, ambaye ni mtoto wa dada yake, hushangaa jinsi watu wanavyoweza kuishi bila kuwatofautisha hao wawili.

Kifini kimesalia na tofauti hiyo ya wajomba na ami kama sisi. Eno ni mjomba hasa, yule tuliyemwita mjomba kabla ya neno hilo kulegea. Na hapa hapana budi kusema ukweli. Kijana wa mjini leo humwita "anko" kila mwanamume aliye rika la babake, awe wa upande wa mama, wa upande wa baba au jirani mwenye duka. Kijana huyo atalazimika kwanza kuuliza nyumbani nani ni mjomba na nani ni baba mdogo, ndipo aweze kujibu swali la mwalimu wa Kifini. Bibi yake kule Jilore asingesita.

Kwa upande wa wanawake, mambo hugeuka. Kiswahili humtenga shangazi, dada wa baba, na mama mkubwa au mama mdogo, dada wa mama. Kigiriama nacho kina tsangazi wake, na heshima yake hailingani na ya mtu mwingine katika mji. Wafini wote hao huwaita "täti". Ukitaka kueleza ni yupi, yakupasa kusema "isän sisko", yaani dada wa baba, au "äidin sisko", dada wa mama. Kiswidi, ambacho ni lugha rasmi ya pili ya Ufini na husemwa nyumbani na takriban mtu mmoja kati ya kila ishirini, kimewatenga wote wanne kwa kuunganisha maneno: kaka wa baba, kaka wa mama, dada wa baba, dada wa mama, kila mmoja na neno lake. Hivyo ndani ya nchi moja jirani wawili huhesabu mashangazi kwa njia mbili.

Mtoto wa kaka wa baba ni wa tatu kuleta mjadala. Kwa Kifini yeye ni "serkku", na serkku ni serkku, awe mwanamume au mwanamke, wa upande wowote. Kwa mtu wa Jilore mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, wala haulizwi zaidi. Kumwita binamu ni kama kumsogeza mlangoni. Mwanafunzi anapoandika katika zoezi lake kwamba ana kaka kumi na wanne, mwalimu hudhani amekosea hesabu.

MITEGO YA MANENO YANAYOFANANA

Kuna maneno ambayo Mswahili huyafahamu upesi mno, na wepesi huo humponza. Katika Kifini "iso" ni kubwa na "pikku" ni dogo. Dada mkubwa ni "isosisko", kaka mdogo ni "pikkuveli", na hapo hakuna tatizo. Mwanafunzi akishapata ufunguo huo, hujaribu kufungua milango yote. Mama mkubwa atakuwa nani? Bila shaka "isoäiti", iso na äiti. Lakini isoäiti ni bibi, mama wa mzazi. Vivyo hivyo "isoisä", ambaye kwa kutafsiri neno kwa neno angekuwa baba mkubwa, ni babu.

Tuseme msichana amelelewa na dada mkubwa wa mama yake. Katika mahojiano ya kwanza asema amelelewa na isoäiti. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na mkalimani, asema amelelewa na dada wa mama. Kwenye faili sasa kuna wanawake wawili, na mmoja wao hayupo duniani wala hakuwahi kuwapo. Msichana hakusema uongo. Alitafsiri tu.

Neno "pikkuserkku" lina mtego wa namna hiyo hiyo. Si binamu mdogo kwa umri. Ni mtoto wa binamu wa mzazi wako, mtu wa mbali kidogo, ingawa huenda akawa mzee wa miaka sabini.

Na lipo neno la kaka. Atakayejitambulisha kwa Kiswahili mbele ya watoto wa Kifini na kusema ana kaka watatu, asishangae kusikia vicheko. Lugha hiyo ina "kakka", yenye k mbili, ambalo ni neno la kitoto la haja kubwa. Kifini hutofautisha sana konsonanti moja na mbili, irabu fupi na ndefu, na sikio la mgeni huchukua miezi kadhaa kuzisikia. Watoto hawana subira hiyo.

"Puoli" ni neno jingine la kuangaliwa. Maana yake ni nusu, au upande. Mama wa kambo ni "äitipuoli", baba wa kambo "isäpuoli", kaka wa kambo "velipuoli". Neno hilo hilo velipuoli hutumika kwa kaka mliyechangia naye mzazi mmoja tu. Katika mji wa Kigiriama wenye nyumba mbili au tatu za wake, watoto wa baba mmoja ni ndugu kamili, na atakayewagawa kwa nusu ataonekana anatafuta ugomvi. Kwa fomu ya Kifini swali hilo si la ugomvi. Linataka kujua mama ni nani na baba ni nani, basi. Lakini kijana akiandika "veli" ilhali cheti cha kuzaliwa cha nduguye kina jina la mama mwingine, swali litafuata. Aidha mama mdogo kwetu aweza kuwa dada mdogo wa mama, na aweza kuwa mke mwingine wa baba. Kwa Kifini wa kwanza ni täti na wa pili ni äitipuoli, na hakuna neno moja linaloweza kuwafunika wote wawili.

Ndugu kwa jumla huitwa "sisarukset". Neno hilo limetokana na sisar, dada, lakini hujumuisha kaka pia. Lugha nyingi za Ulaya zingefanya kinyume, zikawafunika dada chini ya kaka. Kwetu neno ndugu halina jinsia, na halina shida hiyo. Hata "yeye" wa Kiswahili ana mwenzake huko: "hän" ni yeye, mwanamume au mwanamke. Mwanafunzi wa pwani aliyeteswa na walimu wa Kiingereza kwa kumchanganya mama na viwakilishi vya kiume hupumua hapa.

KIAMBISHI MWISHONI

Zaidi ya msamiati, lugha hizi mbili zina jambo moja la sarufi linalozifanya zisikike kama ndugu wa kulea. Mswahili husema babangu, babako, babake, na kwa lugha ya juu zaidi nduguyo, nduguye, mkewe, mumewe, mwanangu. Kimilikishi kimeambatana na jina mpaka vimekuwa neno moja, na yatokea zaidi kwa watu wa karibu kuliko kwa vitu. Hakuna asemaye "kitabungu".

Mfini naye husema "isäni", baba yangu. "Isäsi", baba yako. "Isänsä", baba yake. Tofauti ni kwamba yeye hufanya hivyo kwa kila kitu, hata kitabu na baiskeli. Anayejua kwa nini tunasema mwanangu hahitaji maelezo marefu juu ya isäni. Ila ajue kwamba mitaani Wafini wengi huacha kiambishi na kusema "mun isä", na kwamba mwenye jambo hutangulia: "äidin veli" ni ya-mama kaka, kaka wa mama, ambaye tayari tumemjua kuwa ni eno. Neno lenyewe hubadilika linapomilikishwa. Äiti huwa äidin, setä huwa sedän, veli huwa veljen, tytär, yaani binti, huwa tyttären. Hayo hujifunzwa kwa kuyarudia, hakuna njia ya mkato.

Wajukuu ni rahisi. "Lapsenlapsi" ni mtoto wa mtoto. "Pojanpoika" ni mwana wa kiume wa mwana wa kiume.

Wakwe wana maneno yao: "appi" baba mkwe, "anoppi" mama mkwe, "vävy" mume wa binti, "miniä" mke wa mwana, ambaye Kiswahili cha kale humwita mkaza mwana. Shemeji wa kiume ni "lanko" na wa kike ni "käly". Zamani Kifini kilikuwa na neno la peke yake kwa dada wa mume, yaani wifi: "nato". Leo wengi hulikuta katika mafumbo ya maneno magazetini zaidi ya nyumbani, na tangu Ufini ijiunge na jumuiya ya kijeshi ya NATO mwezi Aprili 2023, bila shaka wifi amezidi kufichika.

KUMWITA MTU NA KUMTAJA

Katika Kigiriama kumjua mtu ni jambo moja na kumwita ni jingine. Mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake. Kenya nzima hulitaja jina la Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Kiingereza mwaka 1913 na 1914, na wengi hawatambui kwamba wanataja cheo cha uzazi. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Mekatilili ni mama wa Katilili. Vivyo hivyo babu ni tsawe, bibi ni hawe, shemeji ni mulamu, na mtoto wa adabu hawezi kuwaita wazee hao kwa majina yao bila kukemewa.

Na kwa kuwa mjukuu hurithi jina la babu, si ajabu kumsikia baba mtu akimwita mwanawe mdogo "baba", au mama akimwita bintiye "mayo", yaani mama. Hayo hayamchanganyi mtu yeyote Jilore. Mkalimani aliyeyazoea Mombasa huenda akayapita bila kuyaeleza, na afisa akaandika kwamba mtoto wa miaka minne ni babake mwombaji.

Ufini kumwita mtu kwa jina lake la kwanza ndiyo adabu ya kawaida. Mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina, mgonjwa humwita daktari kwa jina, na wakwe wengi huitwa hivyo hivyo. Mtoto mdogo aweza kumwita mwanamume asiyemjua setä na mwanamke asiyemjua täti, sawa na watoto wetu wanaposema mzee na mama, lakini mtu mzima afanyaye hivyo huonekana wa ajabu, na mwanamke wa miaka arobaini akiitwa täti na kijana mwenye ndevu hatafurahi. Mkaza mwana aliyetoka pwani na anayeona haya kumtaja anoppi wake kwa jina hukaa miezi bila kumwita chochote. Mama wa watu hudhani amechukiwa.

Shida ya majina huzidi inapofika kwenye "sukunimi". Neno hilo ni jina la ukoo, suku ikiwa ni ukoo, nimi likiwa ni jina. Mfini hutarajia baba, mama na watoto wawe na sukunimi moja, au walau watoto wafanane na mmoja wa wazazi. Kwa Mgiriama jina la pili si la ukoo. Ni jina la baba. Tuseme Kazungu ni mwana wa Karisa. Ataitwa Kazungu Karisa. Mwanawe Katana ataitwa Katana Kazungu, na kwa kuwa Katana huyo naye aweza kumpa mwanawe jina la babu, tutakuwa na Kazungu Katana. Kwenye pasipoti, jina la mwisho la mwana si lile la baba katika kizazi hata kimoja. Kwa jicho lililozoea sukunimi, hao ni watu watatu wasiohusiana. Kwa mtu wa Jilore ni mnyororo usiokatika, na yeyote akisikia jina Kazungu Katana aweza kukisia babu anaitwaje.

FAMILIA NI NANI

Kifini kina maneno mawili ambayo yafaa kukaririwa kabla ya yote yaliyotangulia. "Perhe" ni familia, watu wa nyumba moja. "Suku" ni ukoo, jamaa wote. Setä, eno, täti na serkku ni suku. Wanapewa maneno yao mazuri, wanaalikwa harusini, wanazikana. Lakini si perhe, na sheria ya uhamiaji huizungumzia perhe.

Sheria ya wageni ya Ufini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 37, yamtaja mwanafamilia kuwa mume au mke, na mtoto asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 18. Wenzi wanaoishi pamoja bila ndoa wana masharti yao. Ikiwa aliye Ufini ni mtoto, basi mzazi au mlezi wake wa kisheria ndiye mwanafamilia. Orodha huishia hapo. Kaka mkubwa aliyemlipia karo mwombaji, baba mdogo aliyemlea, bibi aliyemnyonyesha kwa maziwa ya mbuzi, hakuna aliyemo. Jamaa wengine hufikiriwa kwa njia nyembamba iliyowekwa hasa kwa ajili ya waliopewa hifadhi, pale inapothibitika kwamba jamaa huyo anawategemea kabisa au walikuwa wakiishi maisha ya karibu ya kifamilia, na kwamba kumnyima kungekuwa si haki.

Ajabu ni kwamba neno la Kifini la wazazi, "vanhemmat", maana yake halisi ni walio wakubwa zaidi kwa umri. Lugha iliacha nafasi ya wazee wote wa mji. Sheria ikaijaza kwa watu wawili.

Hapo ndipo maneno ya juma la kwanza yanapokuwa na uzito. Mtoto aliyefiwa na baba akiwa na miaka mitatu na kulelewa na baba mdogo hukua akimwita baba. Hakumbuki mwingine. Kadi ya shule ina jina la huyo huyo. Akiulizwa na afisa wa ubalozi wa Ufini mjini Nairobi, ambako maombi kama hayo hupokelewa na watu huhojiwa, atasema kwa moyo safi: ni baba yangu. Mkalimani atasema isä. Sheria hiyo hiyo yaruhusu kipimo cha vinasaba, yaani DNA, kwa ridhaa ya wahusika, pale ushahidi mwingine usipotosha. Kipimo kitasema kwamba huyo si baba. Kuanzia hapo kila neno lililosemwa hupimwa upya, hata yale yaliyokuwa kweli tupu.

Njia ya kuepuka hayo si kumkana aliyekulea. Ni kusema mambo mawili badala ya moja: aliyenizaa alifariki, na huyu, kaka wa baba yangu, alinilea. Kwa Kifini neno la kulishika ni "huoltaja", mlezi mwenye mamlaka juu ya mtoto. Huoltaja aweza kuwa mzazi, na aweza kuwa mtu mwingine aliyepewa mamlaka hayo. Kwa watoto walio katika malezi ya waliopewa hifadhi, sheria ya Ufini yakubali hata mtoto wa kulea ambaye hati rasmi za ulezi hazipatikani, mradi ithibitike kwamba waliokuwa walezi wake wamekufa au wametoweka, na kwamba malezi hayo ni ya kweli na yalianza kabla ya mlezi kuondoka.

Kwa aliye Kenya, ambako ofisi zipo na zinafanya kazi, hoja ya kukosa hati ni nzito kuitetea. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeyatambua malezi ya mtoto na jamaa zake, jambo lililokuwa likifanyika vijijini kwa karne nyingi bila karatasi, na yaweka utaratibu wa mahakama kumteua mlezi. Familia nyingi hazioni sababu ya kwenda kortini kuomba ruhusa ya kumlea mtoto wa marehemu ndugu yao. Kuomba ruhusa hiyo kwaonekana kama tusi. Hata hivyo karatasi hiyo, pamoja na cheti cha kifo cha mzazi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ndiyo inayoweza kumfanya baba mdogo wa Jilore asomeke kama huoltaja katika Helsinki. Vyeti vya kifo husahauliwa zaidi ya vyote, maana maiti nyingi huzikwa nyumbani kwa kibali cha chifu na mambo yakaishia hapo.

Wanaojiandaa kusafiri hushauriwa wachore mti wa ukoo kabla ya kuondoka, wakiwa bado na wazee wa kuwauliza. Wafini wana neno lake, "sukupuu", mti wa suku. Katika kila tawi liandikwe jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama mzazi na la baba mzazi, na kando yake neno ambalo mtu huyo huitwa nyumbani: mama mkubwa, tsawe, mulamu. Kisha liandikwe la Kifini, täti, isoisä, lanko. Pale ambapo neno moja halitoshi, iandikwe sentensi nzima, kwa mfano "isän nuorempi veli", kaka mdogo wa baba. Karatasi hiyo ibaki nakala moja Jilore, kwa sababu siku ya mahojiano wa huku naye ataulizwa maswali yale yale, na majibu yake yatawekwa kando ya yale ya mwenzake.